Maji yanayoipamba Chatsworth ndiyo yanayoitafuna

Mgeni akifika Chatsworth macho yake huenda moja kwa moja kwenye jumba. Sisi wa kazi ya utunzaji huanza na maji: yanatoka wapi, yanapita wapi, yanaishia wapi. Ukishayafuata kutoka kilimani mpaka mtoni umeielewa nyumba, bustani na karibu kila hasara iliyowahi kutokea pale.

Jumba liko Derbyshire, katikati ya Uingereza, kwenye bonde la mto Derwent. Ukoo wa Cavendish umelikalia tangu 1549, Sir William Cavendish na mkewe Bess wa Hardwick waliponunua ardhi hiyo, na ujenzi wa nyumba ya kwanza ukaanza 1552. Ile inayoonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya mtu aliyeanza kuibomoa ya zamani upande kwa upande mwaka 1687 na kumaliza 1707. Katikati ya ujenzi huo, mwaka 1694, akapandishwa cheo kuwa Duke wa kwanza wa Devonshire.

Nyuma ya nyumba, upande wa mashariki, kuna mlima wenye msitu, na juu yake nyanda za baridi zenye udongo unaolowa kama sifongo. Maji ya mvua hukusanywa huko kwa mifereji na kuingizwa kwenye maziwa ya kuchimbwa. Kutoka hapo hakuna pampu. Kila kinachoruka na kumwagika katika bustani ya ekari 105 kinasukumwa na uzito wa maji yenyewe.

Chukua maporomoko ya ngazi, yaliyobuniwa na fundi Mfaransa, Grillet, mwaka 1696 na kujengwa upya kwa ukubwa zaidi 1701. Yana vidato 24, na havilingani. Kimoja ni kipana, kinachofuata chembamba. Hiki jiwe lake limechongwa laini, kile kina mikwaruzo na mistari. Haukuwa uzembe wa waashi. Maji yakipita juu ya jiwe laini hutandaa kama kitambaa na kunong'ona. Yakigonga mistari huvunjika na kutoa sauti kali. Ukishuka kando yake polepole unasikia sauti ikibadilika hatua kwa hatua. Ndiyo maana anayekarabati kidato kimoja hapaswi kukisawazisha ili kipendeze machoni, kwa kuwa atakuwa ameua noti moja ya wimbo. Hatari nyingine iko kwenye maungio. Mota ikilika, maji hupenya chini ya mawe na kubeba udongo uliyoyashikilia, jiwe hulegea, kisha baridi kali huyagandisha yale maji nayo yakivimba hulinyanyua. Uvujaji wa maporomoko hauonekani juu. Unaujua kwa kupima yanayoingia juu na yanayotoka chini.

Maji yakifika mwisho wa ngazi hayapotei. Huingia bombani chini ya ardhi, yakaendesha chemchemi ya farasi wa baharini kwenye uwanja wa kusini, halafu nyingine upande wa magharibi ulio chini zaidi, ndipo yakaingia mtoni. Tone moja linafanya kazi mara tatu. Sijaona mpango wa bustani wenye akili kuliko huo.

Chemchemi kubwa, ile ya Mfalme wa Urusi, ni habari nyingine. Joseph Paxton, mtunza bustani mkuu aliyeajiriwa na Duke wa sita mwaka 1826, aliambiwa kwamba Tsar Nicholas wa Kwanza huenda akatembelea Chatsworth mwaka 1844. Akachimbisha ziwa la ekari 8 juu ya nyanda, akalaza bomba la chuma la inchi 15 kushuka mlimani, kazi ikaenda usiku na mchana kwa miezi sita hivi. Tsar alifika Uingereza lakini Chatsworth hakufika. Chemchemi ikabaki, na maji yake yaliwahi kupimwa yakiruka futi 296, yaani mita 90.

Hesabu yake ni ile ile ya tangi la maji juu ya nyumba. Ziwa liko takriban mita 107 juu ya usawa wa jumba, na maji hayawezi kuruka kupita kimo cha tangi lake. Zile mita zinazopungua huliwa na msuguano ndani ya bomba, kila kona, na hewa inayopambana na maji yakiwa angani. Ukitaka kurusha juu zaidi usifikirie kuongeza maji. Punguza kona, tumia bomba pana, safisha kutu ndani, na hakikisha mdomo wa kurushia ni laini. Mdomo uliochubuka kidogo tu huyapasua maji mapema, na badala ya mkuki unapata ufagio.

Vali ya bomba kama hilo haifunguliwi wala kufungwa kwa haraka. Ndani yake kuna tani nyingi za maji kwenye mteremko. Ukizikatiza ghafla, ule mwendo hugeuka pigo linalokimbia kurudi bombani, na pigo hilo hupasua chuma cha kumimina, ambacho ni kigumu lakini hakikunjiki. Zungusha kidogo, subiri, zungusha tena. Dakika kadhaa kila upande. Wakati wa kufungua, acha hewa itoke kwanza. Siku ya upepo mkali punguza kimo, la sivyo maji ya ziwani yanaishia kwenye njia za changarawe na kuzichimba. Na kiangazi kikiwa kikavu, chemchemi hupewa saa chache kwa siku, kwa sababu ziwa la ekari 8 linaonekana kubwa mpaka utakapoanza kuliteremsha kwa bomba la inchi 15.

Maziwa haya ya zamani yalizuiwa yasivuje kwa udongo wa mfinyanzi tu. Udongo huletwa mbichi, unatandazwa tabaka la sentimita 15 hadi 20, unakanyagwa na kupondwa mpaka usiwe na tundu hata moja, halafu tabaka jingine juu yake. Ukiwa na unyevu hauvuji kwa karne nyingi. Ukikauka unapasuka, na nyufa zake hazijifungi sawasawa tena. Basi ziwa la namna hii haliachwi tupu wakati wa jua kwa sababu ya usafi. Miti nayo hairuhusiwi kwenye tuta la bwawa, hata ikiwa mizuri namna gani: mzizi hutoboa njia, mti ukifa mzizi huoza, na pale ulipokuwa linabaki bomba la bure la kutolea maji.

Uwanda wa majani unaoshuka kutoka nyumbani hadi mtoni watu huudhania ni wa asili. Si wa asili hata kidogo. Kati ya miaka ya 1750 na 1760 Duke wa nne alimwita mbunifu wa mandhari Lancelot Brown, aliyejulikana kwa jina la Capability, akafuta vidimbwi, matuta na vitalu vya mistari iliyonyooka, akaupanua mto na kuubadilisha ukingo wake ili uonekane vizuri kutoka madirishani, akapanda miti kwa vichaka juu ya vilima na mkanda wa msitu kwenye mipaka. Yale maporomoko ya ngazi aliyaacha. Daraja jipya lilijengwa na James Paine mahali ambapo mtu anayekaribia angeliona jumba kwa ubavu, likijitokeza kidogo kidogo. Baadaye, kuanzia 1838, Duke wa sita akakihamisha hata kijiji cha Edensor, kwa kuwa sehemu yake ilikuwa ikionekana kutoka nyumbani. Uzuri huu uligharimu makazi ya watu, na anayeusifia vizuri alijue na hilo.

Majani ya uwanda huo hukatwa na kondoo na ayala, jamii ya kulungu wa Ulaya. Swali la wageni wengi ni kwa nini hawaingii bustanini. Katika mashamba ya Kiingereza jibu huwa ni ukuta uliozama. Unachimbwa mtaro, upande wa bustani unajengewa ukuta wima wa mawe wenye kimo cha mita 1.2 hadi 1.8, na upande wa malishoni ardhi inateremka taratibu. Ukisimama dirishani huoni ukuta wala uzio, unaona nyasi zikiendelea hadi upeo wa macho. Mnyama akija anateremka, anakuta ukuta mbele yake, anageuka. Huharibika kwa njia moja kubwa: udongo wa bustani nyuma ya ukuta ukilowa bila pa kutokea, husukuma mpaka ukuta ukatoka tumbo. Acha matundu ya kutolea maji chini ya ukuta na yasafishwe kila mwaka, na gari lisipite karibu na ukingo wake.

Mti mchanga katika malisho ya ayala hauishi mwezi bila ngome. Kinga ya kondoo inatosha kuwa na mita 1.5, ya ayala mita 1.8, ng'ombe wanataka mita 2 na nguzo nene, maana hujikuna. Mti ufungwe kwenye nguzo chini, kama theluthi ya kimo chake, ili juu upepo uuchezeshe na shina lijitie nguvu. Ukifungwa juu hukua mlegevu, na siku kamba ikikatwa unainama. Nyasi ziondolewe mita moja kuzunguka shina kwa miaka mitatu ya kwanza, kwa kuwa nyasi huyawahi maji kabla ya mti. Na kichaka cha Brown hakijazwi mti mmoja mmoja kila unapokufa mmoja. Mche uliopandwa chini ya kivuli cha mialoni mikubwa hujinyosha kutafuta mwanga na haupati umbo. Bora kupanda kichaka kipya kando, karne moja kabla ya kukihitaji.

Sasa tupande juu ya nyumba. Paa la Chatsworth lina ukubwa wa ekari 1.3, na mapaa ya aina hii hufunikwa kwa mabati ya madini ya risasi. Risasi ni laini, inakunjwa kwa nyundo ya mbao kufuata kila pembe, na ikilazwa vizuri hudumu zaidi ya miaka 100. Ila inavimba kwa jua. Kipande cha mita 2 kinaweza kurefuka milimita 3 kati ya usiku wa baridi na mchana wa kiangazi, na kisipopata pa kusogea hujikunja, na pale kinapojikunja kila siku ndipo kinapopasuka. Kwa hiyo vipande havizidi mita 2 hadi 2.5, upande mmoja umeshikwa na mwingine uko huru, maungio yamekunjwa na hayakulehemiwa. Fundi asiyejua hulehemu ufa, na msimu unaofuata ufa hutokea sentimita tano kando ya alipolehemu.

Lakini mapaa mengi hayaharibiki kwa risasi, huharibika kwa gata. Nyumba hizi zina ukuta mfupi wa ukingoni unaoficha paa, na gata ziko nyuma ya ukuta huo, juu kabisa ya dari za vyumba vya hariri na picha. Piga magoti pale mwezi wa Novemba uangalie: majani ya mwaloni yamelala kwenye tundu la bomba yakiwa yamegandana kama karatasi iliyolowa, juu yake vijiti vya kunguru wadogo wanaojenga kwenye mabomba ya moshi, na nyuma ya kizuizi hicho maji yamefika sentimita nne. Ukingo wa risasi una sentimita tano. Mvua ya saa moja zaidi na maji yanaingia ndani, kimya, nyuma ya mbao za ukutani. Kazi ya nusu saa kwa mkono wenye glavu. Isipofanyika, ncha ya boriti iliyomo ukutani hulowa, na unyevu wa mbao ukipita asilimia 20 ukungu wa kuozesha huanza, ule unaotambaa hata juu ya matofali kutafuta mbao nyingine. Hapo bili inahesabiwa kwa vyumba.

Utaratibu: gata zote zisafishwe angalau mara mbili kwa mwaka, mara moja baada ya majani kwisha kuanguka na mara moja baada ya ndege kumaliza kujenga, wakati wa mvua kubwa mtu apande aangalie maji yakitembea, kwa sababu gata kavu haisemi kitu. Weka bomba la tahadhari linalotokeza nje mahali panapoonekana na kila mtu, likianza kumwaga ujue tundu kuu limeziba. Kwenye theluji ziwepo mbao zenye nafasi juu ya gata ili maji yapite chini yake. Viatu viwe vya soli laini, na kila msumari uliodondoka uokotwe kabla hujashuka.

Kwenye kuta, kosa linalorudiwa ni saruji. Jumba ni la mawe ya mchanga ya huko huko Derbyshire, na maungio yake yanataka mota ya chokaa, laini kuliko jiwe. Ukuta hupumua kupitia maungio. Unyevu unatoka hapo, chumvi inatoka hapo, na baada ya miaka mingi mota inalika unaibadilisha. Ukiziba kwa saruji, unyevu unalazimika kupita kwenye jiwe lenyewe, na jiwe ndilo linalomenyeka. Waashi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Lamu wanalijua hili kwenye kuta za mawe ya matumbawe, na sababu ni moja. Fremu za madirisha ya nje pale Chatsworth zimepakwa dhahabu. Wengi huona fahari, na ipo, ila dhahabu haishiki kutu wala haichujuki, na juu ya dirisha ambalo kulifikia kunahitaji jukwaa, mpako unaodumu muda mrefu kuliko rangi una hesabu yake.

Ndani, maji ni yale ya hewani. Unyevu wa hewa unatakiwa kati ya asilimia 50 na 65. Ukipita 65 kwa muda, ukungu unaota nyuma ya picha na kwenye migongo ya vitabu. Ukishuka chini ya 40, mbao husinyaa, vipande vya kupamba samani vinabanduka na paneli zinapasuka kwa mlio unaosikika. Moto au hita hapa hufuata kipimo cha unyevu, na starehe ya binadamu inakuja nyuma. Hewa ikipashwa kidogo unyevu wake hupungua, basi chumba cha fahari huwa na nyuzi 12 hadi 15 wakati wa baridi, na wafanyakazi huvaa sweta. Aliyepasha chumba hadi nyuzi 22 kwa ajili ya karamu ya siku moja amekausha samani ambazo miaka 300 haikuzikausha.

Mwanga nao unakula. Mazulia ya ukutani, hariri na mahameli hayapewi zaidi ya laksi 50, laksi ikiwa kipimo cha mwanga. Picha za mafuta huvumilia 200. Mbao za madirisha hufungwa mara tu wageni wanapotoka, kwa sababu uharibifu wa mwanga hujumlishwa saa kwa saa na hakuna matengenezo yanayourudisha. Vumbi hufutwa kwa brashi ya nywele laini, mkono mmoja ukiongoza vumbi kwenye mdomo wa mashine uliofungwa wavu, ili kipande kilichobanduka kikamatwe kisimezwe. Kitambaa cha maji kisiguse dhahabu ya fremu: chini yake kuna chokaa laini na gundi, na maji huviyeyusha vyote viwili. Nondo wa nguo ndiye anayetusumbua zaidi siku hizi. Mpevu hali kitu, kiwavi chake ndicho kinachokula sufu, na hutaga pasipofagiwa: chini ya kabati, nyuma ya pazia, kwenye bomba la moshi lenye kiota cha zamani. Zulia lililoingiliwa hufungwa plastiki bila hewa na kugandishwa nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku tatu, au nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kulirudisha chumbani kabla ya kukisafisha chumba ni kazi bure.

Nyumba ya vioo ya Paxton haikuponea hata kwa utunzaji mzuri. Ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1840, urefu futi 277, ikiwa na boila 8 na maili 7 za mabomba ya maji moto, makaa yakiletwa chini ya ardhi ili moshi na uchafu visionekane. Iliishi kwa makaa na mikono ya watu. Vita Kuu ya Kwanza ikachukua vyote viwili, mimea ikafa kwa baridi, na mwaka 1920 ikalipuliwa kwa baruti. Leo ndani ya misingi yake kuna mzingile wa miti 1,209 uliopandwa 1962. Jumba lenyewe lilikaribia kwenda njia hiyo Duke wa kumi alipofariki ghafla 1950, miezi michache kabla ya muda wa kisheria ambao ungeiokoa na kodi ya urithi mali aliyomwachia mwanawe. Kodi ikawa asilimia 80. Zikauzwa ardhi na kazi za sanaa, na jumba la Hardwick, nyumba nyingine ya ukoo, likakabidhiwa kwa serikali badala ya fedha za kodi mwaka 1959. Tangu 1981 Chatsworth inaendeshwa na mfuko wa hisani, na tiketi za wageni zinaingia kwenye matunzo.

Kitu kimoja kutoka vioo vya Paxton kinauzwa leo hata kwenye masoko ya Nairobi. Karibu mwaka 1830 alipata mgomba mfupi uliokuwa umetoka Mauritius, akaupanda kwenye udongo mzito wenye samadi, akaupa joto na maji mengi, ukatoa ua Novemba 1835. Ukaitwa Cavendish kwa jina la ukoo. Aina za Williams na Grande Naine, ambazo wakulima wa Kenya wanazinunua kama miche ya maabara, ni za jamii hiyo hiyo. Ndani ya vioo kanuni yake haitofautiani na ya shambani: joto lisishuke chini ya nyuzi 15 ukitaka uzae, maji yasituame kwenye mizizi, na shina likishazaa likatwe. Machipukizi yakitokea, chagua moja lenye majani membamba kama upanga, mengine yang'olewe yakiwa madogo. Lile lenye majani mapana tangu likiwa dogo linaonekana limenona, lakini halina kitunguu imara chini, na ndilo wanaoanza kazi hii huliacha kila mara.